Kikwembe kinasema nini? Mavazi ya wamama wa Bukavu, heshima yake na bei yake



Siku ya Jumamosi, kama saa nne ya asubuhi, simama kwenye barabara inayopanda Kadutu. Utawaona wanakuja: wamama kumi, kumi na tano, wote ndani ya kikwembe kimoja, maua mamoja, vilemba vimesimama. Huna haja ya kuuliza. Kuna arusi, na hao ni wa upande mmoja. Upande wa pili utapita baadaye na rangi yao. Kidogo nyuma unakutana na wengine: wamefunga kikwembe kiunoni juu ya nguo ya kila siku, vichwa vimefunikwa, hakuna vipuli wala rangi ya mdomo, wanatembea polepole. Hao wanaenda kwenye matanga. Hakuna aliyefungua kinywa, lakini nguo imekwisha kusema.

Juma hili tuzungumze juu ya nguo hiyo inayosema. Si kwa kufundishana modeli mpya. Ni kwa sababu katika kikao kimoja cha kikundi chetu mama mmoja alilia. Alikuwa ameweka makuta ya minervali ya mtoto wake. Halafu wifi yake akaolewa, kikwembe cha ukoo kikatangazwa, na siku za kulipa zilikuwa chache. Alichukua makuta ya shule akanunua kikwembe, akawaza kwamba atayarudisha kwa faida ya mchele wake. Mchele haukuenda vizuri. Mtoto akafukuzwa darasani. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu: "Niliogopa watasema nini wakiniona peke yangu na nguo ya zamani." Hakuna aliyemcheka. Wengi wetu tulitazama chini, maana tumepita njia ile ile.

Mji wa milima, mvua na makabila mengi

Mavazi ya Bukavu yanaanza na mahali penyewe. Tuko kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari, kando ya ziwa Kivu, na mvua tunaijua. Ndiyo maana mama wa hapa anavaa trikoti juu ya kikwembe kizuri bila haya, na kwenye mkoba anabeba viatu vya heshima huku anashuka mlima na kandambili. Akifika kwa watu anafuta matope, anabadilisha, anaingia. Mgeni anaweza kushangaa. Sisi tunajua kwamba mtu anayefika na viatu safi katika msimu wa mvua amejiheshimu na ameheshimu mwenye nyumba.

Tena mji huu umekusanya watu: Washi, Wahavu, Warega, Wabembe, Wafulero na wengine wengi kutoka pande zote za nchi. Kila kabila lilikuja na njia yake ya kusoma mavazi. Kwa Warega, kofia ya mzee wa bwami ilionyesha daraja lake. Katika nchi hizi za maziwa, kabla ya pamba kufika, mababu walivaa ngozi na nguo za magome ya mti. Hata leo, siku ya mahari, utaona mabinti wamefunga kitambaa kirefu begani, kama mushanana ya majirani zetu wa Rwanda. Mjini tumechanganya yote, na kitu kilichotuunganisha sote ni kikwembe.

Je, kikwembe ni cha mababu?

Wengi tunasema kikwembe ni nguo ya mababu. Tutazame vizuri. Ufundi wa kupiga nguo rangi kwa nta unatoka mbali, kisiwa cha Java. Waholanzi waliuiga kwa mashini. Kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kilianza mwaka 1846, na baadaye nguo hizo zikapata wanunuzi kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi. Ndiyo maana mpaka leo muuzaji anakuambia "hii ni Hollandais" akitaka kupandisha bei. Huku mashariki, nguo za pamba zilifika kwanza kwa njia nyingine. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walileta merikani mpaka Tanganyika na Maniema, na nguo hiyo ilitumika hata kama makuta ya kununulia vitu.

Halafu tulikuwa na viwanda vyetu wenyewe: Utexafrica Kinshasa, Sotexki Kisangani, Filtisaf Kalemie. Wakokо zetu walivaa vikwembe vilivyotengenezwa hapa Kongo. Leo vingi tunavyonunua sokoni vinatoka Uchina.

Na kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaïre, na katika siasa ya "authenticité" Mobutu alikataza suti na tai kwa wanaume, wakavaa abakosti. Wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia, wakaambiwa wavae kikwembe. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ndipo ruhusa ya suti na tai ilirudi. Kwa hiyo, mama mkubwa anaposema "tangu zamani mwanamke wa kwetu havai suruali", anasema kweli ya ujana wake. Lakini zamani hiyo ilikuwa pia amri ya serikali. Desturi ni kama kikwembe: ina nyuzi nyingi, na kila kizazi kiliongeza uzi wake.

Kitambaa kimoja, kazi mia

Pamoja na hayo, wamama ndio waliokifanya kikwembe kuwa chetu. Piesi moja ina yadi 6, na mama anajua kuzigawa: libaya, sketi, na kipande cha tatu cha kufunga juu. Kipande hicho cha tatu ndicho kina kazi nyingi. Kinabeba mtoto mgongoni. Kinafunika mgonjwa tunapompeleka hospitali. Kinatandikwa chini tunapolala kwenye matanga. Baba mkwe akigonga mlango bila kutazamiwa, kinafungwa haraka juu ya suruali au nguo fupi, na heshima imekaa mahali pake.

Kwenye orodha ya mahari, hata ikiwa ng'ombe wamegeuka kuwa dola, kikwembe cha mama wa binti hakikosekani, pamoja na suti ya baba. Si bei tu. Mama anaambiwa: "Ulimbeba huyu mtoto mgongoni, nguo uliyombebea imechakaa, pokea nyingine." Ndiyo maana mama anayepewa kikwembe chepesi siku hiyo anaumia, hata kama hasemi.

Wamama wa Afrika wanavipa vikwembe majina pia. Kuna maua yanayoitwa "Mume wangu ana uwezo", na mengine "Jicho la mke mwenzangu". Mwanamke ambaye hawezi kumjibu mwenzake kwa kinywa anavaa jibu lake na kupita mbele ya nyumba. Vita inakwisha bila kelele, au inaanza!

Tena msisahau sanduku la koko. Vile vikwembe vilivyokunjwa ambavyo havivaliwi, mnafikiri ni choyo? Ile ilikuwa benki yake. Mtoto akiugua, piesi moja inatoka na kuuzwa.

Wanaume nao wana yao. Kinshasa na Brazzaville zinajulikana kwa Sape, na marehemu Papa Wemba aliipeleka mbali. Sisi tunawacheka sapeur wanaonunua viatu vya bei ya kiwanja. Lakini tukiwacheka, tujitazame na sisi.

Uniforme: inatuunganisha au inatufunga?

Kuvaa kikwembe kimoja ni jambo zuri. Kinasema: huyu ana watu. Mjane aliyezungukwa na wamama wa kikundi chake ndani ya nguo moja hajisikii ametupwa. Tajiri na maskini wanafanana siku hiyo, na hilo ndilo lilikuwa wazo.

Shida ni hesabu. Tuseme kikwembe ni dola 15, fundi ni dola 10. Hiyo ni dola 25, bila kilemba, bila viatu, bila nywele, bila zawadi. Mama akialikwa arusi nne kwa mwaka, ni dola 100. Ongeza kikwembe cha tarehe 8 Machi, ongeza cha kanisa, ongeza cha kikundi. Kwa mama anayeuza makala au ndizi, hiyo inakula mtaji mzima. Na baadhi ya vikwembe hivyo havitavaliwa mara ya pili, kwa sababu kila mtu anajua ni vya arusi ya nani.

Kuhusu tarehe 8 Machi, tukumbuke ilikotoka. Siku hiyo ilizaliwa katika mapigano ya wanawake wafanyakazi, na Umoja wa Mataifa uliikubali rasmi mwaka 1977. Haikuzaliwa sokoni. Mama anayegombana na mume wake kwa sababu ya kikwembe cha 8 Machi, na mama anayelia kwa sababu hakukipata, wote wawili wamenyimwa siku yao. Tukutane, tuzungumze juu ya haki zetu. Nguo itufuate, isitutangulie.

Binti zetu na suruali

Binti yangu ana miaka 17. Asubuhi anavaa bluu na nyeupe ya shule kama wenzake. Jumapili mchana anataka suruali. Tuligombana sana. Siku moja aliniambia: "Mama, nikipanda moto na sketi, nashika sketi kwa mkono mmoja na motari kwa mwingine. Na suruali najifunika vizuri zaidi." Nilitafuta jibu, sikulipata. Tulikubaliana: suruali kwa safari, na kikwembe ndani ya mkoba kwa nyumba ya wakubwa. Yeye alishinda na mimi nilishinda.

Lakini kuna neno moja tuliache kabisa. Msichana akishikwa kwa nguvu au akitukanwa njiani, tunasikia hata wamama wakisema: "Alivaa namna gani?" Wamama, sisi wa Kivu tunaweza kuuliza swali hilo? Katika vita zetu, wengi walioumizwa walikuwa wanatoka shambani na kikwembe kiunoni na mzigo wa kuni mgongoni. Kuna wakoko. Kuna watoto wadogo. Nguo haikuwalinda, kwa sababu kosa halikuwa kwenye nguo. Tuwafundishe mabinti kuvaa kwa heshima, ndiyo. Na vijana wetu wa kiume tuwafundishe kwamba heshima yao haitegemei nguo ya mtu mwingine.

Tulichokata katika kikundi chetu

Baada ya machozi ya yule mama, tulikaa vikao viwili. Haikuwa rahisi, wengine walisema tunaua desturi. Mwishoni tulikata hivi:

Kwanza, kikwembe cha sherehe kitangazwe miezi mitatu mbele, ili mama alipe kidogo kidogo.

Pili, kwa sherehe ndogo tuchague rangi, si kikwembe. Tukisema "kijani", kila mmoja anatafuta ndani ya sanduku lake kijani alicho nacho.

Tatu, katika likirimba letu makuta ya nguo yana sanduku lake, na ya shule yana lake. Hakuna anayeruhusiwa kuchukua ya shule kwa ajili ya nguo, hata kama ni arusi ya mtoto wa prezidanti wa kikundi.

Nne, kushona tuwape mafundi wamama wa kwetu kwanza, ili dola ya fundi ibaki katika kartie.

Tano, na hili ndilo kubwa: mama asiye na uniforme anaketi mbele, katikati ya wenzake. Haketi nyuma.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na arusi. Rangi ilikuwa bluu. Yule mama alikuja na kikwembe ambacho mama yake alimwachia, bluu iliyofifia kwa kufuliwa miaka mingi. Aliketi mbele. Koko mmoja wa upande wa pili akainama, akashika pindo la nguo ile, akasema: "Hii ni ya wakati wetu. Siku hizi hawatengenezi tena kama hii." Yule mama alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Na mtoto wake amekwisha kurudi darasani.

Kwa kikao chenu cha juma hili, jiulizeni: katika mwaka uliopita, ni vikwembe vingapi tulinunua kwa furaha, na vingapi kwa woga? Leteni majibu yenu, tutayasoma pamoja.