Pole ya Tajiri Siyo Fidia

Kibarua wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Lumemo akikatwa vidole, mara nyingi tajiri humpa nauli ya hospitali na noti chache za pole. Familia hushukuru, na jambo huishia hapo. Kisheria haliishii hapo.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri, wala mchango huo haukatwi kwenye mshahara.

Tunasikia wengi wakisema, “Nitathibitishaje uzembe wa tajiri?” Huo ni mzigo wa anayekwenda mahakamani kudai uzembe. Mfuko hutaka kujua kama ajali au ugonjwa umetokana na kazi. Asiye na mkataba wa maandishi atunze alichonacho: daftari la malipo, ujumbe wa pesa kwenye simu, majina ya waliokuwepo, na vyeti vya hospitali.

Mwajiri apewe taarifa mapema, na dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake ndio wanaodai. Basi tukienda kuhani msiba wa namna hiyo, tuulize kwa upole: WCF wamepewa taarifa?