Chipsi za Kugandisha: Hesabu Iko Kwenye Umeme

Mwenye kibanda cha chipsi mjini Kahama hununua viazi mviringo pamoja na nauli ya lori kutoka Njombe au Mbeya. Bei inaposhuka, wengine hununua zaidi na kugandisha. (Gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza, lipime mwenyewe.)

Viazi humenywa, hukatwa, hulowekwa kutoa wanga, hukaushwa kwa kitambaa, kisha hukaangwa kidogo bila kubadilika rangi. Zikipoa, chipsi hutandazwa kwenye sinia ndani ya friza. Zikishaganda ndipo hufungwa mifukoni. Mteja akija, hutiwa kwenye mafuta ya moto bila kuyeyushwa, kidogo kidogo, maana barafu hurusha mafuta. Viazi vibichi visiwekwe kwenye friji: wanga hugeuka sukari na chipsi huwa nyeusi.

Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa chipsi kwa kutegemea shehena ya nje iliyochelewa.

Kununua friza kwa ajili ya chipsi tu ni kufunga mtaji. Anayefaidika ni mwenye friza ya samaki iliyobaki na nafasi. Umeme ukikatika na chipsi zikayeyuka, zikaangwe na kuuzwa siku hiyo hiyo.