Ekwar ya Waturkana: Malisho Yanayootesha Miti

Katika mijadala mingi ya uhifadhi wa mazingira, mfugaji na mti huchukuliwa kuwa mahasimu. Mbuzi, hasa, ametwikwa lawama ya kuigeuza nyika kuwa jangwa. Dhana hii ilitiwa nguvu na Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kuenea kwa Jangwa uliofanyika Nairobi mwaka 1977, ambapo ulishaji wa kupita kiasi ulitajwa miongoni mwa visababishi vya tatizo hilo. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kurejelea Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwamba ipo mifumo ya jadi ambamo mti na mfugo hutegemeana, na kwamba kuvitenganisha ni kuvidhuru vyote viwili.

Ekwar ni nini? Ni sehemu ya ukingo wa mto, kama vile Turkwel, yenye miti ambayo jamaa fulani ina haki ya kuitumia. Mti mkuu humo ni mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi. Nyasi zinapokauka, maganda ya mgunga yenye mbegu hukomaa na kuanguka, au huangushwa kwa upondo mrefu, nayo huwa chakula cha mbuzi. Wakati wa mvua, malisho huwa wazi kwa wengi. Wakati wa kiangazi, mwenye ekwar hutangulizwa, na mgeni hana budi kuomba idhini. Haki hii hurithishwa, lakini anayeitelekeza ekwar yake kwa muda mrefu anaweza kuipoteza. Edmund Barrow aliufafanua utaratibu huu katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990. Ni dhahiri, basi, kwamba ekwar si ardhi isiyo na mwenyewe. Ni mali yenye sheria, ingawa sheria hizo hazikuandikwa.

Je, mbuzi hawaimalizi miti hiyo? Mwaka 1995, Robin Reid na James Ellis walichapisha matokeo ya utafiti wao kusini mwa Turkana. Waligundua kwamba miche ya mgunga ilikuwa mingi zaidi ndani ya mazizi yaliyohamwa kuliko nje yake. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mbuzi hula maganda, mbegu nyingine hupita tumboni zikiwa nzima, kisha huangushwa zizini pamoja na samadi. Wafugaji wanapohama, mvua hunyesha juu ya mbolea hiyo na miche huota. Hivyo kuhama kwenyewe, ambako aghalabu hudharauliwa kama kutangatanga, ni sehemu ya kilimo cha miti. Mfugaji akilazimishwa kukaa pahali pamoja, zizi halipati nafasi ya kuwa kitalu.

Hata hivyo, mfumo huu umo hatarini. Miji na makazi yanapopanuka, mahitaji ya makaa huongezeka na migunga hukatwa. Aidha, mathenge, mti wa kigeni ulioenezwa katika maeneo kame ya Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa, umevamia kingo za mito na kuisonga miti ya asili. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Waliouleta mathenge walitafuta mti wa kuihami ardhi, ilhali mti wa kuihami na watu wa kuutunza walikuwapo tayari.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Katika mazoea yetu, msitu ni wa kuhifadhiwa na malisho ni ya kulishia. Eneo lililo msitu na malisho kwa pamoja halina jina katika fikra zetu, na kisicho na jina ni rahisi kukisahau. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango wa jamii kusajili ardhi yao. Lakini msamiati wa kuieleza ekwar utatoka wapi, ikiwa anayeijaza fomu anayajua maneno mawili tu?

Wenzetu wa Tanzania wametangulia. Neno ngitili la Wasukuma, lenye maana ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, lilipata nafasi katika mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanzishwa mwaka 1986, na kupitia ngitili miti ilirejea katika maelfu ya hekta zilizokuwa zimebaki tupu. Kiswahili hakikuona haya kuazima kwa Kisukuma. Kwa nini kione haya kuazima kwa Kiturkana? Ipo haja, kwa hivyo, ya wanafunzi wanaotoka katika jamii za wafugaji kuyakusanya maneno haya pamoja na kanuni zake, wazee wanaoyajua wakiwa bado hai. Mgunga huota upya zizini. Neno likifa na mzee wake, haliotи tena.