Wagonjwa 1,800 wa Pemba: nani anabeba gharama?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa mtu 1 kati ya 300 ana skizofrenia: husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini yasiyokuwepo. Kwa kipimo hicho Pemba ina kama wagonjwa 1,800. Haya ni makisio, na pengine yamezidi kidogo, maana maradhi haya huanza ukubwani na kisiwa kimejaa watoto.

Shirika hilohilo linasema tiba ya kitaalamu inawafikia asilimia 70 ya wenye saikosisi, kundi la maradhi lenye skizofrenia ndani yake, katika nchi tajiri, 12 katika nchi maskini. Tukichukua 12, waliofika kwa daktari ni 216; karibu 1,600 wako majumbani. Hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, iko Unguja, na nauli ya boti hulipwa mara mbili: ya mgonjwa na ya anayemshika mkono.

Majumbani nako kuna tiba. Aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikakoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa: ndiyo kombe. Akiambiwa kapandwa, lawama humwendea sheitani, si kijana. Juli McGruder, aliyeandika tasnifu ya 1999 juu ya familia tatu za Zanzibar, aliona faida ya imani hiyo: sheitani huja na kuondoka, na mtu akitulia hurudi kuwa mwana wa nyumba kama kawaida.

Msimu wa karafuu nafasi yake hiyo nyumbani huonekana kwa macho. Mkeka umetandikwa, lundo bichi katikati, vidole vinatenga karafuu na makonyo. Aliyetulia hukaa achambue na wenziwe. Akichoka huinuka, hakuna wa kumuuliza.

Tusipambe mno. Mganga naye ana ada yake, na nyumba iliyoelemewa huweza kufunga mtu: ripoti ya Human Rights Watch ya 2020 ilikuta minyororo katika nchi kama 60, Kenya ikiwemo.

Turudi kwenye gharama. Katika nchi maskini watumishi wa afya ya akili hawafiki 2 kwa kila watu 100,000. Kwa Pemba hiyo ni chini ya 11. Sasa tuseme kila mgonjwa aliye nyumbani anaangaliwa saa 2 tu kwa siku, na mama au dada: ni saa 3,200, sawa na watumishi 400 wa zamu ya saa 8, kila siku, bila mshahara.