Kilo 104 na Tiara ya Kwanza

Nilimdanganya mwalimu. Aliponiuliza uzito wangu, pale ufukweni Paje, nilisema kilo 95 kama ninavyowaambia watu miaka yote, ilhali mizani ya mwisho niliyoipanda ilisoma 104. Akapiga hesabu kichwani, akaniletea tiara ya mita 10 za mraba, akasema ndiyo kubwa iliyobaki asubuhi ile. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kilomita 28 hivi kwa saa. Pembeni yangu msichana mmoja mwembamba, mwenye tiara ya mita 8, aliinuka majini mara ya pili tu akaondoka zake kama aliyedaka daladala. Mimi niliinuka nusu, nikakaa. Nikainuka nusu, nikakaa. Mpaka maji yanakupwa nilikuwa nimeshakunywa chumvi ya kutosha, na nimeshaamini kwamba mchezo huu wa kuvutwa na tiara juu ya ubao, ambao ufukweni wanauita kaiti tu, hauwataki watu wa kilo zangu.

Kumbe lilikuwa suala la hesabu. Wachezaji wana kanuni yao ya haraka: chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa nne, kisha gawa kwa mwendo wa upepo wa kilomita kwa saa. Jibu ni ukubwa wa tiara kwa mita za mraba. Si sheria ya fizikia. Ni uzoefu uliotiwa katika tarakimu, na ubao au ustadi huweza kuisogeza huku na huku. Lakini haikosei sana. Yule msichana, tuseme ana kilo 55, alihitaji mita 8, na 8 ndizo alizokuwa nazo. Mimi nilihitaji karibu 15. Tiara niliyopewa ilikuwa ya mtu wa kilo 70, na hata uongo wangu ungekuwa kweli, ingetakiwa ya mita 13 na nusu.

Hapo ndipo wanene wengi tunapokosea mara ya pili. Jioni ile nilioneshwa tiara ya mita 17, iliyotumika, ya bei ya kuvutia. "Bwana mkubwa, hii ndiyo saizi yako," muuzaji akaniambia, na nusura nitoe pesa. Mtu mzito, tiara kubwa: nani angebisha?

Upepo wenyewe ungebisha. Mvuto wa tiara hauongezeki sawasawa na mwendo wa upepo, bali kwa kipeo cha pili chake. Upepo wa kilomita 28 ukipanda ukafika 37, umeongezeka kwa theluthi moja tu, na mtu aliyesimama ufukweni anaona kanga zimepepea kidogo zaidi. Tiara yenyewe inavuta zaidi kwa robo tatu. Kwa upepo ule wa kwanza, kila mita ya mraba ya kitambaa inapokea msukumo wa kama kilo tatu na nusu. Kwa ule wa pili, zaidi ya sita. Sasa linganisha na mwili. Kilo zangu 104 zinamzidi mtu wa kilo 78 kwa theluthi hiyo hiyo moja. Manahodha wa zamani walipakia mawe chini ya jahazi, wakaita farumi, ili chombo kisipinduke. Sisi wazito tumezaliwa na farumi yetu, na tunadhani itatulinda. Ingetulinda kama tungerusha tiara za watu wembamba. Ukishaongeza kitambaa kulingana na uzito wako, faida ile umeshaitumia yote. Dharuba ikija, utaburutwa kama yeyote.

Lipo na jambo la pili, nalo linahitaji bodaboda. Siku isiyo na upepo kabisa, panda bodaboda: ikishika kasi, upepo unakupiga usoni. Haukutoka baharini wala mlimani, umeutengeneza mwenyewe kwa mwendo. Tiara hufanya vivyo hivyo. Ikitulia angani inavuta kwa upepo uliopo. Ukiipeleka ikakata hewa kwa mwendo mara mbili ya upepo huo, mvuto unafika mara nne. Ndiyo maana mwalimu wangu alikuwa anapiga kelele za saa. Ukiupa upepo mgongo, utosini kwako ni saa sita, mkono wa kushoto juu ni saa nne, wa kulia juu ni saa nane. "Ishushe saa nane! Saa nane, mzee, usiogope!" Kumbe kule kuishusha kwa nguvu kutoka saa sita ndiko kunakomng'oa mtu majini. Mimi kwa woga nilikuwa naishusha hadi saa saba kasoro, kisha nairudisha juu. Nilikuwa nikiomba msaada kwa kitambaa huku nikikinyima mwendo.

Na kuutengeneza mwendo huo kwa tiara ya mita 17 si rahisi, kwani ni nzito kugeuka. Unavuta usukani, unasubiri, unavuta tena kwa kudhani haikusikia, kisha amri zote mbili zinafika pamoja. Kwa mzoefu hilo ni jambo la kuzoea. Kwa anayejifunza ni hatari, kwa sababu mikono yake bado haijajua kungoja.

Basi mtu wa kilo mia ajitafutie wapi nguvu? Jibu lililonishangaza ni miguuni. Ubao wa mchezo huu hauelei ukiwa na mtu juu yake. Ukiusimamia bila mwendo unazama nawe. Unabebwa na mwendo, kama kile kijiwe bapa tulichokuwa tukikirusha utotoni kikaenda kikidunda juu ya maji. Anayezidi kwa theluthi ya uzito anahitaji theluthi zaidi ya eneo ili aelee kwa mwendo ule ule, la sivyo inabidi akimbizwe kasi zaidi kabla ya kuinuka, na kasi hiyo ndiyo inayomfanya aililie tiara kubwa. Nilipewa ubao wa sentimita 138 kwa 41, yaani sentimita za mraba 5,658 tukiuhesabu kama mstatili. Wa 154 kwa 45 una 6,930, nyongeza ya zaidi ya moja ya tano. Ukiuona mchangani unadhani ni mlango wa banda la kuku. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, kwa hiyo sentimita chache za ubao zina thamani. Na tofauti na tiara kubwa, ubao mpana haukuburuti ufukweni dharuba ikipita. Ubaya wake ni kwamba upepo ukikaza, ukingo wake ni mgumu kuuzamisha majini ili ubishe kuelekea joshini, lakini kwa kazi hiyo mtu mzito hana mpinzani. Hapa ndipo farumi inaporudisha faida.

Kuhusu umbo la tiara, historia inasaidia. Mholanzi Gijsbertus Panhuise alipata hataza mwaka 1977 ya mtu kuvutwa juu ya ubao kwa kitambaa cha angani, lakini tiara ikianguka baharini ilikuwa kazi kuinyanyua. Mwaka 1984 ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili tiara yenye mabomba yanayojazwa hewa, ambayo ikianguka inaelea na kuruka tena. Katikati ya miaka ya 2000 Bruno akaja na umbo lililo bapa zaidi, la upinde, ambalo ukiusukuma usukani mbali nawe karibu mvuto wote unakatika. Ni sawasawa na kulegeza demani ya ngalawa upepo ukichafuka. Tiara za zamani zenye umbo la herufi C hazikati mvuto hivyo. Ukiona inauzwa rahisi, mara nyingi ndiyo hiyo. Mzito anayeanza asiiguse. Asiiguse pia ile ndefu na nyembamba mno, kwani ni ya mashindano, ina haraka na haisamehe.

Ya mtumba si mbaya. Ijaze hewa, kaa nayo saa nzima, uone kama inalegea. Kifyatulio cha usalama, kile cha kukata mvuto, kifyatue mara tatu mwenyewe, mchangani, kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha kisugue kitambaa kwa vidole: kizima hulia kama noti mpya, kilicholiwa na jua ni kimya na laini kama kanga ya kulalia.

Nilirudi mwezi uliofuata, nikakodi tiara ya upinde ya mita 14 na ule ubao wa mlango wa banda. Upepo ulikuwa wa kilomita 28 tena. Nikaishusha saa nane kweli kweli, nikainuka, nikaenda mita kama arobaini nikicheka peke yangu, kabla sijagundua kwamba naelekea kwenye vijiti vya mwani vya akina mama. Tangu 1989 kilimo hicho kipo Paje, na kamba zake haziwapishi wageni. Nikausukuma usukani mbali, tiara ikalegea, nikakaa majini kwa heshima. Ile ya mita 14 ndiyo niliyoinunua. Nyingine, ya mita 10 kwa siku za upepo mkali, nitanunua baadaye. Ile ya 17 sikuigusa.

Nawe ukienda, panda mizani kwanza, kisha mtajie mwalimu kilo zako za kweli. Atakachokuletea kitatokana na namba hiyo.