Tommy Douglas na Wakulima wa Ngano

Kila mwanachama anaijua hatari ya msimu. Mchumaji akiteleza mkarafuuni akavunjika mguu, kilio cha kwanza nyumbani huwa ni cha maumivu, na cha pili ni cha gharama: nani atalipa? Leo tunamtaja Bwana mmoja wa nchi ya mbali, Kanada, aliyekutana na swali hilo utotoni, na alipokuwa mkubwa akalijibu pamoja na wakulima wenziwe.

Bwana Tommy Douglas alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Falkirk, Scotland, na mwaka 1910 akahamia Winnipeg, Kanada, na wazee wake. Mtoto huyu alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa mguu. Wazee wake hawakuwa na fedha za daktari bingwa, na shauri likawa mguu ukatwe. Kwa bahati akatokea daktari mmoja mpasuaji, akakubali kumtibu bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona, hata kijana akawa bingwa wa ngumi wa jimbo la Manitoba. Lakini hakusahau kwamba mguu wake uliokolewa na bahati, wala si na haki.

Mwaka 1930 alikwenda Weyburn, katika jimbo la Saskatchewan, kuwa kasisi. Jimbo hilo ni kubwa kuliko Ufaransa, na zao lake kuu ni ngano. Miaka ile bei ya ngano ilianguka, na mvua zikakatika. Sisi tunaoijua bei ya karafuu, kupanda kwake na kushuka kwake, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mkulima hakuwa na kitu, na daktari naye hakuwa na wa kumlipa.

Hata hivyo wakulima hao walikwisha kuanza kujisaidia. Tangu mwaka 1916 sheria iliziruhusu halmashauri zao kutoza kodi ili kumwajiri daktari kwa mshahara, na halmashauri kadhaa kuungana kujenga hospitali. Juu ya msingi huo ndipo Bwana Douglas alipojenga.

Mwaka 1944 chama chake cha CCF kilishinda, naye akawa Waziri Mkuu wa jimbo, akaishika na wizara ya afya mwenyewe. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza. Kila mtu alitoa dola 5 kwa mwaka, na nyumba moja haikulipa zaidi ya dola 30. Aliyelazwa hakudaiwa tena.

Kulipia madaktari nako kulitakiwa, lakini Bwana Douglas hakutaka kuahidi asichoweza kukilipa. Alipunguza kwanza deni la jimbo, akangoja hata Serikali ya Kanada ilipoanza kuchangia gharama za hospitali mwaka 1958. Mwaka 1959 ndipo alipotangaza mpango wake.

Mwaka 1961 aliondoka kuongoza chama kipya cha nchi nzima, na Bwana Woodrow Lloyd akashika nafasi yake. Sheria ilipoanza tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi, wakiogopa kugeuzwa watumishi wa serikali, walifunga milango kwa siku 23. Wazazi wenye watoto wagonjwa walikuwa na hofu kubwa. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza, na wananchi wakachanga kufungua zahanati zao. Mwisho wakapatana: daktari abaki huru, ila malipo yatoke katika mfuko wa wote. Bwana Douglas mwenyewe alikwisha kushindwa katika uchaguzi wa Bunge la Kanada, mjini Regina, mwezi Juni mwaka ule ule.

Kiti alikikosa, lakini kazi haikupotea. Mwaka 1966 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya namna hiyo, na kufikia mwaka 1972 majimbo yote yalikwisha kuingia. Bwana Douglas alifariki mwaka 1986. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni wa Kanada walimchagua kuwa mtu mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi yao.

Basi jambo hilo kubwa lilianza na wakulima wachache waliotoa kidogo kidogo, walipokuwa wazima, ili daktari awepo watakapougua.