Piano ya Kidijitali: Vidole Vitangulie, Fedha Ifuate

Piano ya asili hutoa sauti kwa nyundo. Mpigaji anapobonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa huruka na kugonga nyuzi za chuma. Utaratibu huo ulibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence, Italia, yapata mwaka 1700. Piano ya kidijitali haina nyuzi. Vihisio hupima kasi ya kibao kinaposhuka, kisha sauti hutoka kwenye spika au hedifoni. Haihitaji kurekebishwa sauti na fundi, na kwa wakazi wa mwambao, ambako unyevu huvimbisha mbao na kulegeza ulinganifu wa nyuzi, hiyo ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, si kila kinanda chenye umbo la piano huzoesha mikono kupiga piano. Mwanafunzi aliyejifunzia vibao vyepesi hukwama anapoketi mbele ya piano ya asili, iwe shuleni, kanisani au katika chumba cha mtihani: vidole hukosa nguvu, na sauti ya chini humponyoka. Mzazi hulazimika kununua chombo cha pili. Makala haya yanamwelekeza mlaji namna ya kuepuka hasara hiyo.

Tofauti iliyofichika ndani ya boksi

Piano kamili ina vibao 88, lakini idadi hiyo peke yake haithibitishi chochote kuhusu mguso. Vipo vinanda vya vibao 88 vinavyorudishwa juu na springi tu, na hivyo ni vyepesi. Vingine huelezwa kuwa na "nusu uzito": springi zake ni ngumu zaidi, lakini hazina nyundo. Vilivyo karibu na piano ya asili huwa na nyundo ndogo ndani, zinazokipa kila kibao uzito wake. Vilivyo bora zaidi hupangwa kwa ngazi: vibao vya sauti nene upande wa kushoto ni vizito, na uzito hupungua kuelekea kulia, kama ilivyo katika piano ya asili.

Maelezo kwamba kibao "huhisi mguso" yasimchanganye mnunuzi. Maana yake ni kwamba ukibonyeza kwa nguvu sauti huongezeka. Hayasemi lolote kuhusu uzito. Vilevile, Yamaha, Roland, Kawai na Casio kila mmoja huipa mifumo yake ya vibao majina yake mwenyewe. Majina hayo hayana kipimo kimoja, hivyo hayafai kulinganishwa kwa kusomwa tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wingi wa milio na midundo iliyotangazwa kwenye boksi usikuondoe kwenye swali la msingi.

Majaribio ya kufanya dukani

Kabla ya kwenda dukani, piga kwanza piano ya asili, hata kwa dakika chache, ili vidole vipate kipimo. Kisha fanya yafuatayo:

1. Chombo kikiwa kimezimwa, bonyeza kibao polepole. Katika piano ya asili, kibao cha katikati huanza kushuka kwa uzito wa gramu 50 hivi, na hushuka takriban milimita 10. Usikie uzito unaosukumwa, si springi inayokaza kadiri unavyobonyeza.
2. Bonyeza kibao hicho hicho ukingoni, kisha sehemu ya ndani karibu na vibao vyeusi. Ndani pawe pazito kidogo, lakini pasigome.
3. Washa chombo. Piga sauti moja kwa wepesi kabisa, halafu kwa nguvu. Pamoja na kuongezeka, sauti inapaswa kubadilika tabia: laini kwanza, kisha kali.
4. Rudia kibao kimoja haraka bila kukiacha kipande hadi juu. Sébastien Érard aliiwezesha piano kufanya hivyo mwaka 1821. Vyombo vyenye vihisio vitatu kwa kila kibao hulimudu jambo hili vizuri zaidi kuliko vyenye viwili.
5. Kanyaga kanyagio la kulia nusu tu. Makanyagio duni hujua kuwashwa na kuzimwa pekee. Yaliyo bora huiacha sauti ififie kidogo kidogo.

Muuzaji akikataa boksi lifunguliwe au chombo kijaribiwe, tafuta duka jingine. Ukinunua mtandaoni, uliza kwa maandishi kama vibao vina nyundo, na uhifadhi jibu.

Umeme, uzito na stendi

Piano zilizotumika kutoka Japani huenda zikawa zimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, ilhali umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha chombo na cha adapta kabla ya kuchomeka. Pima pia uzito: piano ya vibao vya nyundo kwa kawaida huzidi kilo 10, hata isipokuwa na stendi. Inayobebeka kama mkoba itiliwe shaka. Ingiza stendi imara, kiti na kanyagio katika bajeti, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kando.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpa mlaji maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe jina kamili la modeli na muda wa dhamana viandikwe. Chombo kilichouzwa kama chenye vibao vya nyundo kikibainika kuwa cha springi, mrudie muuzaji mapema ukiwa na nyaraka hizo. Asiposikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Mwenye fedha kidogo na anunue chombo chenye milio michache lakini vibao vizito. Milio mia tano haitamfundisha mtoto kupiga piano. Vibao vyenye uzito wa kweli vitamwandaa.